Mchezo Aliouacha Ayub

Ayub Faki alipofariki, mwezi wa Mei mwaka wa 1994, hakuacha mke wala mtoto. Aliacha sanduku la vifaa vya kazi, baiskeli, nguo za kugawa, na kaseti sita ambazo hakuna aliyejua zina nini. Dada yake Fatu, ambaye majirani wa Majengo hapo Thika humwita Mama Firdaus, ndiye aliyezikuta. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya kiatu ndani ya mfuko wa mkate, na kila moja ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, KAHAWA 1, KAHAWA 2, mpaka KAHAWA 6.

Fatu aliweka ya kwanza kwenye redio. Alitarajia kusikia kaswida, au labda sauti ya Ayub mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa mluzi mwembamba, kisha mkwaruzo kama wa mtu anayekata bati kwa msumeno butu, kisha mluzi tena. Akajaribu ya pili, ya tatu, zote zilikuwa vile vile. Akadhani zimeharibiwa na joto. Lakini ni nani huyo anayeharibikiwa na kaseti, halafu akazipanga kwa nambari na kuzifunga kamba?

Ayub alizaliwa katika shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, ambako baba yao, Mzee Faki, alikuwa dereva wa lori na mama yao alichuma kahawa. Mama alipofariki Ayub alikuwa na miaka tisa, na Fatu, aliyekuwa tayari msichana mkubwa, ndiye aliyemlea. Ayub alimaliza kidato cha nne Thika, akaandikwa fundi wa stima katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, akakaa huko miaka kumi na minne. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno. Alikuwa mtu wa sala, lakini ni lazima aitwe. Akishafungua kifuniko cha redio ya mtu, hasikii njaa, hasikii adhana, hasikii hata jina lake.

Miaka miwili kabla ya kifo chake alileta nyumbani kitu kama taipureta isiyo na mahali pa karatasi. Alisema ni kompyuta, amepewa na mwalimu mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Aliiunganisha na televisheni yake ndogo na kinasa sauti, herufi nyeupe zikajipanga kwenye kioo.

"Inafanya kazi gani?" Fatu aliuliza.

"Inafanya unachoiambia, dada."

"Basi iambie ifue hizi nguo."

Ayub alicheka mpaka akakohoa. Baadaye mashine ile haikuonekana tena, na alipoulizwa alisema amemwazima mtu wa Ruiru. Fatu akadhani ameiuza na anaona haya kusema.

Kifo chake kilikuja haraka. Jumatatu kifua, Alhamisi hospitali, Jumamosi akazikwa. Fatu hakupata hata nafasi ya kumuuliza lolote.

Siku ya arobaini, wenzake wa kiwandani walikuja kula pilau. Mmoja wao alikuwa Barasa, fundi wa mitambo, mtu mnene mwenye kucheka. Fatu alimletea kaseti moja na kumwomba aisikilize, huenda akatambua ni nini. Barasa hakuhitaji kuisikiliza. Alisoma maandishi tu, akatabasamu.

"Mama Firdaus, huu ni mchezo. Ayub ameutengeneza mwenyewe. Hizo kelele ni za kompyuta kusikia, si za binadamu. Ikishasikia, inaleta picha kwa TV."

"Mchezo kama pata potea?"

"Hapana, hakuna pesa. Kuna kamtu kanachuma kahawa, kanazunguka kwa njia nyingi nyingi, na kanafukuzwa."

"Kanafukuzwa na nani?"

"Na manyapara wanne." Barasa aliweka sahani chini ili apate mikono yote miwili ya kusimulia. "Alituletea pale stoo ya mafundi wakati wa chakula. Wanaume kumi tumesimama, tunapiga kelele kama watoto. Kuna Ijumaa moja tulicheza mpaka Ayub akasahau kwenda msikitini. Alishika kichwa hivi, akakaa chini. Tulimcheka, kweli tulimcheka."

Barasa aliyasema hayo kwa mapenzi, kama sifa. Hakuona kwamba Fatu ameacha kula.

Wanawake wa Majengo walikuwa na darsa kila Alhamisi mchana kwa Maalim Muzammil, na wiki chache tu kabla maalim alikuwa amewafundisha juu ya maiti na amali zake. Mtu akifa, alisema, kazi yake imekwisha, ila kile alichokiacha kinaendelea. Kama ni kisima, watu wakinywa, thawabu zinamfikia kaburini. Na kama ni jambo baya, watu wakilifuata, mzigo wake nao unamfikia. Fatu alikuwa amejiuliza siku ile Ayub ameacha nini, asiye na mtoto wa kumwombea wala kisima. Sasa akajibiwa. Ayub ameacha mchezo, na mchezo wenyewe ulimkosesha sala ya Ijumaa.

Alhamisi iliyofuata alibaki nyuma wenzake walipoondoka.

"Maalim, mtu akiacha mchezo, unahesabiwa vipi?"

"Mchezo gani, wa mpira?"

"Wa TV. Mtu anafukuzwa na manyapara."

Maalim Muzammil alivua miwani. "Kuna kamari ndani yake?"

"Hakuna."

"Kuna picha za aibu?"

"Ni kahawa, maalim."

Maalim aliifuta miwani kwa kanzu. Alikuwa mtu mkweli, hakupenda kujibu asilolijua. "Je, unawafanya watu wakose sala?"

Fatu aliinamisha kichwa.

"Kama unawakosesha watu sala, Mama Firdaus, hapo pana shaka. Mwombee ndugu yako."

Hakusema zaidi. Hakusema futa. Hilo Fatu aliliongeza mwenyewe njiani akirudi nyumbani, na alipofika mlangoni lilikuwa limeshakuwa kama amri. Aliazima kwa jirani redio ya kaseti mbili, akatafuta kaseti ya msomaji mzuri wa Kurani, na kwa siku tatu akarekodi Sura ya Yasin juu ya kelele zile, kaseti moja baada ya nyingine, upande wa kwanza, ule uliokuwa na mchezo. Tano akazigawa kwa majirani. "Hii ni sadaka ya Ayub," aliwaambia. Ya sita akabaki nayo. Alijisikia kama mtu aliyegeuza deni kuwa akiba, akalala vizuri kwa majuma mawili.

Ndipo alipokuja Njambi.

Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga leso kichwani, na alisimama mlangoni mchana wa jua kali akiwa na kikapu cha ndizi. "Mimi ni Njambi, bibi ya Gathogo, tunatoka Ruiru. Hatujuani. Tumechelewa kuleta pole, Mama Firdaus, hakuna mtu alituambia. Bwana yangu alilia kama mtoto."

Fatu alimkaribisha ndani. Walizungumza juu ya marehemu, kisha Njambi akatoa kilichomleta. Kompyuta ya Ayub ilikuwa kwao tangu mwaka uliopita. Kaseti ya mchezo waliyonayo imechakaa, kinasa sauti kimeitafuna mara mbili. "Na Ayub alisema ako na zingine sita hapa nyumbani. Gathogo ameniambia nikuombe hata moja."

Fatu alihesabu kwa vidole. Kumbe kuna ya saba.

"Na mnaucheza?"

"Gathogo ndiye anacheza. Mimi napika."

"Wewe unaupenda?"

Njambi alilifikiria swali hilo kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza. "Sijui nikuambie nini, dada. Kuna siku naomba Mungu uharibike. Na kuna siku namshukuru Mungu kwa sababu yake. Sijui ni gani ya ukweli."

Fatu hakuwa na ujasiri wa kusema amezifuta. Alisema atakuja mwenyewe Jumamosi. Moyoni alikuwa amepanga jambo moja tu: kuichukua ile ya saba, ili pasibaki kitu juu ya ardhi kinachomwongezea ndugu yake mzigo. Na ili nyumba ile isibaki mikono mitupu, akatia kwenye mkoba kaseti yake ya Yasin.

Nyumba ya Gathogo ilikuwa chumba na sebule katika ploti ya mabati, nyuma ya soko la Ruiru. Gathogo mwenyewe alikuja mpaka getini, mtu wa makamo aliyenyoa ndevu vibaya upande mmoja, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Utanisamehe, mama. Huu ndio niko nao."

Mkono wa kulia ulikuwa umebaki na vidole viwili, navyo vimekunjamana. Fatu alikuwa hajaambiwa. Walipokaa, Gathogo alimsimulia bila kuulizwa, kama mtu aliyekuwa akimngojea msikilizaji. Alikuwa mfumaji katika kiwanda kile kile. Siku moja mashine yake ilikwama, Ayub akaja kutengeneza waya, na Gathogo alikuwa ameingiza mkono akitoa uzi uliojisokota. Mashine ikawashwa.

"Iliwashwa na nani?" Fatu aliuliza.

"Na Ayub."

Fatu alishika kikombe cha chai bila kukinyanyua. Ayub hakuwahi kumwambia hata neno.

"Lakini mimi ndiye nilimwambia washa," Gathogo aliendelea. "Nakumbuka nikisema. Yeye alikuwa anaapa kwamba sikusema kitu, ati aliwasha tu. Tumebishana juu ya hiyo maneno mwaka mzima. Mimi najilaumu, yeye anajilaumu, na kila mtu anakasirika mwenzake akitaka kumnyang'anya makosa."

"Na ukweli ni upi?"

"Kelele ya mle ndani, mama, mtu hasikii hata kichwa chake. Sijui. Na yeye amekwenda."

Baada ya ajali, alisema, mkono wa kushoto ulikuwa mjinga, kama wa mtu mwingine. Haukuweza kufunga kifungo wala kushika kijiko sawasawa. Ayub alikuja Jumapili moja na mashine yake, akapanga mchezo wote uchezwe kwa vidole vya kushoto. Katika ile kaseti ya kwanza manyapara walitembea polepole kama wazee. Mkono ulipozoea, akaketi hapo kwenye mashine akatengeneza ya pili, manyapara wakiwa na mbio kidogo. Kila aliporidhika, aliirudisha ya zamani kwake na kuacha mpya.

"Sasa niko na ya saba. Naandika jina langu. Naandika kitabu cha geti kwa shamba moja la hapa karibu, lori ikiingia, lori ikitoka. Hiyo kazi nimepata kwa huu mkono."

"Na amekosa kanisa Jumapili nne," Njambi alisema kutoka jikoni.

"Tatu."

"Nne. Ile ya mvua umesahau."

"Ile ya mvua hata wewe hukuenda."

"Mimi nilikuwa na homa. Wewe ulikuwa na manyapara."

Gathogo alicheka, lakini alitazama chini. Fatu alijaribu kupima. Mtu amepata mkono, na mtu huyo huyo amekosa kanisa. Basi hiyo huandikwa upande gani? Na kanisa, si msikiti, je, maalim angelihesabu vipi hilo? Alitamani aweze kumuuliza. Akaona aibu kwa kutamani.

Gathogo aliwasha mashine ili amwonyeshe. Kaseti ilipiga mkwaruzo wake, ikakwama. Akairudisha kwa penseli, akajaribu tena. Ikakwama mara ya pili, na ya tatu. Fatu alianza kufikiri kwamba Mungu amemrahisishia kazi. Mara ya nne picha ikaja.

Alikuwa amejiandaa kuona kitu kibaya. Aliona mistari ya kijani iliyopinda na kukatana, vitone vyekundu, na kamtu keupe kamesimama pembeni. Alitazama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akainuka na kusogea karibu na kioo.

"Huu ni mto," alisema. "Hapa ni mahali pa kuanikia kahawa. Na hii ni laini yetu, nyumba zetu zilikuwa hapa."

"Alisema ni kwenu," Gathogo alisema. "Alisema mlikuwa mnajificha huko ndani, manyapara wakitafuta watoto wa kuokota buni."

Fatu aliketi kwenye kigoda. Hakukumbuka baadaye ni nani aliyemwambia ajaribu. Alibonyeza, kamtu kakaenda. Kalichuma kahawa ya mstari wa kwanza, kakakamatwa kwenye kona, na kioo kikaandika RUDI MSTARI WA KWANZA. Akarudi. Alijua njia mle. Alijua kwamba karibu na mto kuna pengo ambalo mtu mzima hapiti, na lilikuwepo, na manyapara hawakupita. Chai yake ilipoa. Njambi aliingia na kutoka, akamuuliza kitu, akajibu ndiyo bila kujua amekubali nini.

Alipoinua macho aliona jua limehama dirishani. Akaitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa imebaki dakika chache itoke, na yeye, aliyekuja kuuzima mchezo huu, ndiye aliyekaa hapo.

Njambi alimpa chumba cha ndani, akamletea maji na leso safi, akauliza kwa sauti ya chini, "Unaangalia upande gani?" Fatu alisali kwa haraka, kisha akabaki sakafuni. Alitafuta hasira dhidi ya mchezo ule, hakuipata. Alitafuta ruhusa ya kuupenda, nayo hakuipata.

Alipotoka alisema yote. "Baba, zile kaseti sita hazipo. Nimezifuta. Nimerekodi Yasin juu yake."

Gathogo hakumwelewa. "Umerekodi nani?"

"Kurani."

"Zote?"

"Zote."

Gathogo aliutazama mkono wake wa kushoto, akaufungua, akaufunga. "Sawa," alisema, na Fatu angependelea amtukane.

Wakati huo taa ya sebuleni ilififia, ikawa nyekundu kama kaa, ikarudi. Gathogo alisimama. "Stima ya huku siku hizi haiaminiki. Ikienda, mchezo nao umekwenda. Hauko popote saa hii isipokuwa ndani ya hii mashine, na ile kaseti sidhani kama itaingia tena." Aliitoa na kuwaonyesha, utepe wake umekunjamana kama jani kavu. "Ningekuwa na kaseti nyingine ningeurekodi sasa hivi."

"Usiangalie kaseti yangu ya kwaya," Njambi alisema. "Hiyo niko ndani nikiimba."

Taa ikafifia tena.

Fatu alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Hakuna aliyejua kilichomo. Alichokuja kukifanya kilikuwa karibu kufanyika bila yeye kunyanyua kidole. Angenyamaza tu, dakika tano, labda kumi, na kampuni ya stima ingemaliza. Asingekuwa amemdhulumu mtu. Angerudi Thika, na daftari la Ayub lingefungwa, bila mzigo. Bila kitu kingine pia.

Akafungua mkoba.

"Iko hii," alisema. "Upande mmoja una Kurani, huo hauguswi. Upande wa pili uko wazi."

Gathogo alisita. "Inaruhusiwa, mama?"

"Sijui," Fatu alisema. "Wallahi sijui."

Gathogo aliitia kaseti, akahakikisha mara mbili ni upande upi, akaandika neno kwenye mashine kwa vidole vyake vya kushoto. "Bonyeza hizo mbili pamoja, ile nyekundu na hii ya pembeni. Nguvu. Halafu mimi nitabonyeza huku."

Fatu alibonyeza. Magurudumu ya kaseti yakaanza kuzunguka, na mluzi ukatoka kwenye spika, kisha ule mkwaruzo wa bati. Hakuondoa vidole ingawa Gathogo alimwambia sasa inatosha. Taa ilififia mara moja, na wote watatu wakaitazama, ikarudi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Ya Rabi, kama hili ni la kheri, mfikishie. Kama ni mzigo, usimwandikie yeye, ameshakwenda. Niandikie mimi, maana anayelibakisha leo ni mimi.

Sauti ilikatika. Gathogo akazima kinasa sauti.

"Umeingia?" Njambi aliuliza.

"Hatuwezi kujua mpaka tuzime kompyuta, tuuite tena kutoka kwa kaseti. Na tukizima, na kama haukushika, basi."

Hakuna aliyesogea kuzima. Kwenye kioo kamtu keupe kalikuwa bado kamesimama kwenye mstari wa kwanza. Fatu aliinuka, akajifunga leso vizuri, akasema alasiri atasali nyumbani. Njambi alimsindikiza mpaka barabarani, akamtilia ndizi kwenye mkoba, wakaagana bila kutaja kaseti.

Alitembea peke yake kuelekea stendi ya Ruiru. Alitaka kuomba, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua aanze na lipi, jambo lile lishike kwenye kaseti au lisishike. Alijaribu kuyaacha yote mawili kwa Mungu, kama maalim anavyofundisha. Alifika karibu na kituo cha mafuta ndipo alipojisikia anachosema chini kwa chini, tena na tena, bila kuacha nafasi ya kuvuta pumzi: lishike, ya Rabi, lishike.